Wachache Waliogeuka Manjano

Februari 1970, watumishi wa Bunge la Marekani mjini Washington walianza kumeza kidonge kila siku. Hawakuwa wagonjwa. Kifua kikuu kilikuwa kimezuka miongoni mwa wenzao pale Capitol Hill, watu wakapimwa kwa sindano ya ngozini, na 2,321 wakaanzishiwa isoniazidi ili vimelea vilivyolala mwilini visije vikaamka. Dawa yenyewe ilikuwa na sifa njema. Ilikuwa ya bei nafuu, haikuhitaji kuchomwa sindano, na kwa miaka karibu ishirini ilikuwa imeponya watu duniani kote.

Ndani ya miezi tisa, 19 kati yao waliugua ini. Kumi na watatu waligeuka manjano. Wawili walikufa.

Wachunguzi wa afya wa serikali wakachukua kundi jingine la watumishi 2,154 wanaofanana na wale, ila hawa hawakuwa wakimeza dawa, wakawatafuta waliougua ini kwa muda uleule. Wakampata mtu mmoja. Jambo ambalo madaktari kadhaa walikuwa wakilishuku kwa miaka lilipata tarakimu, tena kutoka kwa watu waliokuwa wazima. Mgonjwa mahututi akidhurika na dawa, ni rahisi kusema kwamba alikuwa ameshaelemewa na ugonjwa wake. Karani aliyeamka asubuhi akaenda kazini hana maelezo ya namna hiyo.

Isoniazidi ilitengenezwa Prague mwaka 1912 na wanakemia wawili, Hans Meyer na Josef Mally, ambao hawakuwa na habari kwamba ingemsaidia mgonjwa yeyote. Ikakaa kabatini karibu miaka arobaini. Mwaka 1951 na 1952 kampuni tatu, mbili za Marekani na moja ya Ujerumani, zikagundua kwa wakati mmoja kwamba inaua vimelea vya kifua kikuu. Kwa kuwa ilikuwa imeshachapishwa tangu 1912, hakuna aliyeweza kuimiliki peke yake, na ndiyo sababu ilikuwa rahisi kununuliwa hata na serikali maskini. Katika hospitali ya Sea View, Staten Island, Irving Selikoff na Edward Robitzek waliwapa wagonjwa waliokuwa wamekatiwa tamaa. Hamu ya kula ikarudi, uzito ukapanda, na magazeti ya 1952 yakachapisha picha za wagonjwa wakicheza dansi wodini.

Wataalamu watasema kwamba isoniazidi si antibiotiki hasa, maana antibiotiki asili yake ni viumbe hai kama kuvu na bakteria wa udongoni, na hii ilitoka kwenye chupa za maabara. Tofauti hiyo haimhusu sana mgonjwa, na ini halikuitambua kamwe.

Swali linalobaki ni hili: mbona dhara hili la ini halikuonekana mapema? Kuanzia katikati ya miaka ya 1950, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilikuwa imewapa isoniazidi ya kinga makumi ya maelfu ya watu, wakiwemo wenyeji wa vijiji vya eneo la Bethel, Alaska, ambako kifua kikuu kilikuwa kikiwamaliza. Matokeo yalikuwa mazuri mno: ugonjwa ulipungua kwa zaidi ya nusu. Lakini wachunguzi walikuwa wakitafuta kifua kikuu. Hakuna aliyekwenda nyumba kwa nyumba kuuliza nani mkojo wake umebadilika rangi. Aliyegeuka manjano alihesabiwa kuwa ameambukizwa homa ya ini ya virusi, ambayo ilikuwa imejaa kila mahali, na kipimo cha damu cha homa ya ini B kilianza kupatikana mwishoni kabisa mwa miaka ya 1960. Na pale mgonjwa alipokuwa akitumia dawa mbili au tatu pamoja, lawama iliangukia ile yenye sifa mbaya, si hii iliyosifiwa.

Kuna pia hesabu yenyewe, ambayo ni katili. Dhara linalompata mtu mmoja kati ya 10,000 haliwezi kutegemewa kuonekana katika jaribio la watu 3,000. Dawa inaweza kupita kila mtihani, ikapata kibali, ikauzwa, na dhara lake likaja kujulikana baada ya kumezwa na umati. Kwa maana hiyo, watu wa kwanza kuinunua ndio walioimalizia majaribio, na hawakuambiwa.

Kabla ya isoniazidi, ini lilikuwa limeshatoa onyo lake kwa njia nyingine. Mwaka 1948 ilitangazwa aureomaisini, dawa ya kwanza ya ukoo wa tetrasaiklini, iliyogunduliwa na Benjamin Duggar, mtaalamu wa mimea aliyekuwa ameshavuka miaka sabini. Mwaka 1951 tayari kulikuwa na ripoti kwamba dozi kubwa zinajaza mafuta kwenye ini. Ripoti hiyo haikuwatisha wengi. Mwaka 1963 na 1964 madaktari wa Marekani wakaandika habari za wanawake wajawazito waliolazwa kwa maambukizi ya figo, wakapewa tetrasaiklini nyingi kwa dripu, kisha wakafa kwa ini kushindwa kazi. Walipopasuliwa, chembe za ini zilionekana zimejaa vitone vidogo vidogo vya mafuta.

Kisa hicho kilikuwa cha kusikitisha lakini kilieleweka. Dozi ilikuwa kubwa mno, ilipitia kwenye mshipa, figo zilizokuwa zikiugua hazikuweza kuitoa, na ujauzito ukaongeza mzigo. Punguza dozi, usimpe mjamzito, na tatizo linaisha. Ndivyo ilivyokuwa: leo hii tetrasaiklini ya dripu kwa mama mjamzito ni habari ya vitabu vya historia.

Isoniazidi ilikuwa jambo la namna nyingine kabisa. Watu wa Capitol Hill walimeza dozi ya kawaida. Zaidi ya 2,300 hawakupata kitu cha kuonekana kwa macho, na wale 19 hawakuwa wamefanya kosa lolote.

Ili kujua ni nani hasa aliye hatarini, serikali ya Marekani ilianzisha ufuatiliaji mwaka 1971 na 1972 katika miji 21, watu 13,838 wote wakiwa kwenye isoniazidi ya kinga. Safari hii waliulizwa. Walipatikana 174 waliougua ini kwa namna iliyodhaniwa kutokana na dawa, na wanane walikufa. Umri ulijitokeza waziwazi kuliko kitu kingine chochote. Chini ya miaka 20 hakuonekana hata mmoja. Kati ya 20 na 34, watu watatu kwa kila 1,000. Kati ya 35 na 49, kumi na wawili kwa kila 1,000. Kati ya 50 na 64, ishirini na watatu kwa kila 1,000. Waliokunywa pombe kila siku walikuwa hatarini zaidi.

Halafu kulikuwa na fumbo la Baltimore. Saba kati ya vifo vile vinane vilitokea katika mji huo mmoja. Kidonge kilikuwa kilekile kilichotumika kwingine. Baadaye ilionekana kwamba katika kipindi hicho vifo vya ugonjwa wa ini kwa ujumla vilikuwa vimeongezeka Baltimore, hata kwa watu wasiohusika na isoniazidi, kwa hiyo huenda kitu kingine kilikuwa kikifanya kazi pamoja na dawa. Kitu hicho hakikupatikana. Utafiti huo mkubwa ulibaki na doa katikati yake, na bado tarakimu zake ndizo zilizotumika kuweka sheria: kwa miongo kadhaa madaktari wa Marekani walisita kumpa isoniazidi ya kinga mtu aliyevuka miaka 35, wakabishana juu ya mpaka huo katika majarida mpaka watu wakachoka.

Dawa yenyewe haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni utaratibu wa kliniki. Kuanzia 1974 mwongozo ulisema mtu asipewe vidonge vya zaidi ya mwezi mmoja, na kila anaporudi kuchukua vingine aulizwe maswali ya wazi: Unakula vizuri? Kichefuchefu? Uchovu usio wa kawaida? Mkojo una rangi gani? Mwenye jibu baya husimamishiwa dawa siku hiyohiyo na kupimwa. Kliniki moja ya umma huko Seattle iliufuata utaratibu huo kwa watu 11,141 kati ya 1989 na 1995. Waliopata homa ya ini ya isoniazidi walikuwa 11, na hakuna aliyekufa. Ukilinganisha na Capitol Hill, tofauti ni kubwa kiasi cha kumfanya mtu ajiulize ni wangapi wa mwanzo wangeokolewa kwa kuulizwa swali tu.

Sehemu ya maelezo ya kwa nini huyu na si yule ilipatikana ndani ya ini lenyewe. Kuna kimeng'enya kinachoivunja isoniazidi, na watu hurithi kasi yake kutoka kwa wazazi. Katika jamii nyingi za Ulaya na Afrika, nusu hivi ya watu wana kimeng'enya cha polepole. Dawa ikivunjwa hutoa mabaki, na baadhi ya mabaki hayo ni sumu kwa chembe za ini. Katikati ya miaka ya 1970 kundi moja la watafiti lilidai kwamba wenye kasi kubwa ndio hatarini kwa kuwa huzalisha sumu haraka. Tafiti za baadaye zikageuza hoja hiyo: wa polepole ndio hudhurika zaidi, kwa sababu mwili wao hushindwa kuyaondoa mabaki kwa wakati. Hata hivyo wengi wa hao wa polepole humaliza dozi bila tatizo.

Mtu aliyeyageuza mambo haya kuwa kanuni ni Hyman Zimmerman, daktari wa Kimarekani ambaye marafiki walimwita Hy. Alikuwa mmoja wa walioandika mwaka 1975 habari za wagonjwa 114 wa homa ya ini ya isoniazidi, na mwaka 1978 alitoa kitabu kinene kuhusu sumu za ini ambacho kilikuwa mezani kwa kila aliyefanya kazi hiyo. Alichokiona kwa miaka mingi kilikuwa rahisi kukieleza. Vimeng'enya vya ini kupanda katika damu peke yake si jambo la kutisha. Kwa isoniazidi huwapata watu 10 hadi 20 katika kila 100, na kwa walio wengi hushuka vyenyewe hata dawa ikiendelea. Lakini chembe za ini zikiwa zimeumia kiasi cha kumgeuza mtu manjano, basi mmoja kati ya kila kumi hivi atakufa au atahitaji ini jingine. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliipa kanuni hiyo jina lake, na mpaka leo inatumiwa kuamua kama dawa mpya ipite au izuiwe.

Afrika Mashariki ina nafasi yake katika historia hii, na si ya pembeni.

Mwaka 1952, mwaka uleule wa dansi za Sea View, ilijaribiwa dawa nyingine ya kifua kikuu, pirazinamidi. Ilikuwa na nguvu. Walsh McDermott na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba panya wa maabara wakipewa pirazinamidi pamoja na isoniazidi, vimelea vinatoweka kiasi cha kutoonekana tena. Kwa binadamu, hata hivyo, ilitolewa gramu tatu kwa siku na wakati mwingine zaidi, kwa miezi mingi, na ini likaumia kwa wagonjwa wengi mno. Madaktari wa nchi tajiri wakaiweka kando, itumike tu pale dawa nyingine zote zikishindwa.

Ikakaa hivyo karibu miaka ishirini. Wakati huo matibabu ya kifua kikuu yalichukua mwaka mmoja na nusu hata miaka miwili, na katika nchi zilizokuwa zimepata uhuru juzi, mgonjwa aliyepona kikohozi baada ya miezi mitatu hakuona sababu ya kusafiri tena kwenda hospitali ya wilaya. Mwaka 1972 jarida la Lancet likachapisha matokeo ya jaribio lililofanywa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Waliokuwa nyuma yake upande wa London walikuwa Wallace Fox na Denis Mitchison. Wagonjwa walitibiwa miezi sita tu. Wote walipata streptomaisini na isoniazidi kila siku. Kundi moja likaongezewa rifampisini, jingine pirazinamidi, jingine tioasetazoni, na la mwisho halikuongezewa kitu.

Pirazinamidi ilitolewa gramu mbili kwa siku, si tatu. Ini halikuleta balaa lililoogopwa. Na wagonjwa walipofuatiliwa baada ya kumaliza dawa, waliorudiwa na ugonjwa katika kundi lisiloongezewa kitu walikuwa zaidi ya robo, ilhali katika kundi la pirazinamidi hawakufika mmoja kati ya kumi, na katika kundi la rifampisini walikuwa wachache zaidi. Dawa iliyokuwa imehukumiwa kwa dozi kubwa ilifufuka kwa dozi ndogo, katika wodi za Afrika Mashariki, na tangu hapo imo katika matibabu ya kawaida ya kifua kikuu dunia nzima. Vitabu vya tiba hulitaja jaribio hilo kwa jina la Afrika Mashariki. Shuleni kwetu halitajwi, na hilo ni hasara.

Katika jaribio hilohilo, tioasetazoni ilifanya vibaya, lakini ilibaki hospitalini kwa sababu ya bei. Gerhard Domagk aliitoa Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Pili, nchi nyingi zikaikataa kwa madhara yake, yakiwemo ya ini, kisha majaribio ya Afrika Mashariki yaliyochapishwa kuanzia 1960 yakaonyesha kwamba wagonjwa wa huku wanaivumilia vizuri. Ikaunganishwa na isoniazidi katika kidonge kimoja. Ilikuwa ndani ya mpango wa taifa wa kifua kikuu wa Tanzania, ule uliojengwa kuanzia 1977 na Karel Styblo na Watanzania aliofanya nao kazi, ambao baadaye uligeuzwa kuwa mfano wa dunia. Ukimwi ulipoingia, uvumilivu ule ukaisha. Mwaka 1991 watafiti wa Nairobi waliripoti kwamba wagonjwa wenye VVU waliopewa tioasetazoni walipata madhara ya ngozi kwa wingi wa kutisha, wengine ngozi ikawabanduka na wakafa. Dawa ilikuwa ileile iliyosifiwa 1960. Miili ndiyo iliyobadilika, na Shirika la Afya Duniani likaonya isitumike tena kwa watu hao.

Pirazinamidi nayo ilikuwa na kisasi chake. Mwaka 2000 Marekani ilipendekeza miezi miwili ya rifampisini na pirazinamidi kama kinga, badala ya miezi tisa ya isoniazidi. Kwenye karatasi lilikuwa pendekezo zuri sana, na kwa watu wenye VVU lilikuwa limefanya kazi katika majaribio, mojawapo la Zambia. Lakini lilipopelekwa kwa watu wazima wasio na VVU, ini likaanza kufeli. Hadi 2003 vilikuwa vimekusanywa visa 48 vikali na vifo 11, pendekezo likafutwa. Mchanganyiko unaostahimilika kwa mgonjwa wa kifua kikuu ulikuwa mzito kupita kiasi kwa mtu aliyekuwa akikingwa tu.

Kifua kikuu, pamoja na uzito wake, si kinachowapeleka watu wengi kwenye duka la dawa. Huko watu huenda kwa koo, sikio, jipu, jino. Na hapo ndipo ilipo sura ya pili ya historia hii, ambayo haina msiba wa jengo moja wala picha za gazeti.

Katika miaka ya 1970, maabara za kampuni ya Beecham huko Surrey, Uingereza, zilipata kutoka kwa bakteria wa udongoni kitu kiitwacho asidi ya klavulaniki. Chenyewe hakiui sana. Kazi yake ni kuizuia silaha ambayo bakteria hutumia kuiharibu amoksilini. Vikaunganishwa, na mwaka 1981 vikaingia sokoni Uingereza kwa jina la Augmentin. Leo hakuna duka la dawa la maana Dar es Salaam, Mombasa au Kampala lisilokuwa na dawa hiyo au ndugu zake wa majina mengine, na wateja huitaja kwa jina kama wanavyotaja sabuni.

Ripoti za kwanza za ini zilitoka Ulaya na Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980. Kulikuwa na jambo la ajabu ndani yake: wagonjwa wengi waligeuka manjano baada ya kumaliza dozi, wengine wiki kadhaa baadaye. Mtu amemeza dawa siku saba, sikio limepona, boksi limetupwa. Mwezi unapita. Anaanza kuwashwa mwili mzima usiku, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, choo kinapauka. Daktari anamuuliza anatumia dawa gani, naye anajibu kwa ukweli kabisa kwamba hatumii dawa yoyote. Hapo huanza safari ya vipimo, picha za tumbo, hofu ya mawe ya nyongo au saratani ya kongosho, na pengine hata upasuaji usiohitajika.

Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 1996 ulilinganisha dawa hizi mbili. Kwa amoksilini peke yake, watu watatu kati ya 100,000 walipata dhara la ini. Kwa amoksilini yenye klavulaniki, 17. Mshukiwa, basi, ni yule mwenza. Wazee ndio waliopatikana zaidi, hasa wanaume, na waliotumia dawa muda mrefu. Wengi walipona bila matibabu maalumu, ingawa kuwashwa kunaweza kumsumbua mtu kwa wiki nyingi.

Hesabu nzuri zaidi ilitoka Iceland. Nchi hiyo ina watu wachache, na kila dawa inayotolewa kwa cheti huandikwa kwenye daftari moja la taifa. Mwaka 2010 na 2011 Einar Björnsson na wenzake walikusanya kila kisa cha ini kilichotokana na dawa, vikawa 96, kisha wakagawanya kwa idadi ya watu waliokuwa wamepewa dawa husika. Amoksilini yenye klavulaniki iliongoza. Mtu mmoja aliumia ini kati ya kila 2,350 walioitumia. Marekani nako, mtandao wa hospitali ulioanzishwa miaka ya 2000 kufuatilia jambo hili uliripoti mwaka 2015 kwamba katika visa karibu 900, dawa za maambukizi zilichangia karibu nusu, na ya kwanza katika orodha ilikuwa hiyohiyo. Isoniazidi ilikuwa ya pili.

Mmoja kati ya 2,350 ni wachache, na anayeacha kutibu nimonia kwa kuogopa ini amekosea hesabu vibaya. Lakini dawa ikimezwa na mamilioni, mara nyingi kwa mafua ambayo haiwezi kuyatibu, hao wachache wanakuwa watu wengi walioumizwa bure.

Watafiti wa vinasaba waliahidi kuwapata hao wachache mapema. Mwaka 1999 kundi la Ubelgiji lilionyesha kwamba walioumizwa na amoksilini yenye klavulaniki walikuwa na alama fulani ya kinga ya mwili kwa wingi usio wa kawaida. Mwaka 2009 ikaja habari kubwa zaidi kuhusu flukloksasilini, dawa ya majipu na vidonda: mwenye alama iitwayo HLA-B*57:01 ana hatari mara 80 hivi kuliko asiye nayo. Ilionekana mlango umefunguka. Kisha hesabu ikarudi na ukatili wake, kwani hata kati ya wenye alama hiyo, anayeumia ni mmoja kati ya 500 hadi 1,000. Kuwapima watu wote ili kumwokoa huyo mmoja kungewanyima mamia dawa nzuri. Kipimo kikabaki maabara.

Dawa nyingine hazikupata nafasi ya kurekebishwa. Trovan ya kampuni ya Pfizer ilipata kibali Marekani Desemba 1997. Kufikia Juni 1999 ilikuwa imeandikwa kwa wagonjwa mara milioni 2.5 hivi, na FDA ilikuwa na visa 14 vya ini kufeli kabisa vilivyohusishwa nayo moja kwa moja. Ulaya ikaisimamisha, Marekani ikaifungia hospitalini kwa wagonjwa mahututi tu. Afrika inalijua jina hilo kwa sababu nyingine: mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo mjini Kano, Nigeria, ilijaribiwa kwa watoto 100, huku wengine 100 wakipewa dawa ya kulinganishia. Watoto 11 walikufa katika makundi yote mawili. Kesi zilizofuata zilihusu zaidi kama wazazi walielewa na kukubali, kampuni ikakana makosa, na mwaka 2009 ikafikia makubaliano ya dola milioni 75 na jimbo la Kano. Ketek, iliyopata kibali Marekani 2004, nayo ilifuata njia ya ini: Januari 2006 ziliripotiwa habari za wagonjwa watatu kutoka North Carolina, mmoja akiwa amekufa na mwingine amebadilishiwa ini, na Februari 2007 FDA ikafuta matumizi yake mawili kati ya matatu, ikiacha nimonia tu.

Tanzania ilijiunga na mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara ya dawa mwaka 1993, Kenya mwaka 2010. Ripoti hupokelewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba upande wa Tanzania na Bodi ya Famasia na Sumu upande wa Kenya, na hata mgonjwa mwenyewe anaweza kuitoa. Zinazofika ni chache kuliko zinavyopaswa kuwa. Anayenunua vidonge kumi bila cheti wala risiti hayupo katika daftari lolote, na akiugua ini mwezi ujao, huenda akaambiwa ni malaria, pombe au mitishamba, kama yule wa Alaska alivyoambiwa ni virusi.

Kwa hiyo mwenye kutumia dawa za kifua kikuu, za kutibu au za kukinga, akikosa hamu ya kula, akitapika, akichoka bila sababu au akiona mkojo umekuwa mweusi, asisubiri tarehe ya kliniki. Aende siku hiyohiyo na vidonge vyake mkononi. Na yeyote anayegeuka manjano amweleze daktari kila dawa aliyomeza katika miezi miwili iliyopita, hata ile ya siku saba tu aliyonunua dukani kwa ajili ya jino.